Kwa Wande, Kabla ya Meli ya Nansio

Kaa kwenye kreti la soda, Wande, kiti kina mtu.
Leo tarehe ishirini na tatu,
Kirumba nzima imekumbuka kwamba ina uso.
Tangu alfajiri nimechonga nyusi thelathini na moja.
Ndiyo, witiri: yule wa mwisho alikimbia na nusu ya kazi,
ameitwa kwao, maharage yanaungua.

Unataka nini? Paza sauti, redio haina adabu.
Mkorogo? Uwe mweupe kabla ya keshokutwa?

Hapana.

Sogea. Tazama chini ya poda, shavu la kushoto.
Hilo doa lina umri sawa na mwanangu Ngollo.
Mwaka ule nami nilikuwa na harusi ya kwenda
na kopo lisilo na jina, kutoka kwa mtu asiye na duka.
Siku tatu niling'aa kama sahani ya bati.
Ya nne, jua la Mwanza,
lile linalopiga mwamba na mwamba ukakurudishia,
lilikuja kudai chake, na riba.

Basi sikiliza, meli haingoji wanja ukauke.
Usiku nawa uso kwa maji ya uvuguvugu;
sabuni ya mche waachie mashuka.
Kata tango. Nusu kula, nusu weka machoni,
kisha lala. Lala, Wande.
Umetoka shifti ya usiku, kope zimeumuka kama maandazi,
na sijawahi kuuza poda inayoshinda usingizi.

Kesho melini usipake kitu. Mafuta kidogo, kitenge kichwani.
Upepo wa ziwa una ulimi, hulamba.
Lipshaini ndiyo usithubutu kabisa:
usubi wakiinuka majini kama moshi
utamfikia mama mkwe na mdomo wenye mbawa.
Jipambe ukishashuka.
Poda iwe rangi ya shingo yako, si rangi ya matamanio,
na iwe chache, anayekukumbatia
asiondoke na nusu ya sura yako begani.

Mbona unaficha mikono?

Lete.

Hii naijua. Barafu ya kiwanda cha minofu.
Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni,
kucha zimeliwa na dawa ya kuoshea meza;
hapa kisu, hapa kisu tena,
na hapa mwiba wa sangara uliohamia moja kwa moja.
Miaka mingapi? Saba.
Na minofu yote hiyo imepanda ndege.

Pole.
La, pole haina kazi hapa, nataka bakuli.
Minza! Lete samli ya bibi, ile ya Magu,
na sukari vijiko viwili, na ndimu...
ndimu acha, itamchoma.

Sugua hivi, taratibu, kama unaosha mchele wa mgeni.
Usiku paka mafuta ya mgando, vaa soksi mikononi, ulale nazo.
Cheka tu. Soksi safi, lakini.

Wote wanaoingia hapa huniletea uso.
Sawa, uso ndio unaopigwa picha.
Ila keshokutwa, birika la kunawa likipita,
mkono ndio utakaotangulia mbele za watu.
Mkono ndio mama mkwe ataupokea
kwa mikono yake miwili, asiuachie upesi,
akiuliza habari za huku, na za kazi.
Hilo ndilo lililokuleta. Si weusi wako.

Bei? Wengine elfu kumi.
Wewe ukirudi Januari nipitishie mapanki mawili,
yenye nyama kidogo shingoni, nitakaanga.

Sasa toa vidole kwenye bakuli.
Hapana, viache.
Viache kidogo.
Huyo wa kwenye kiti anaguna;
na agune, ana mikono mizuri.