Salamu kwa Mlango Uliofungwa

Kapaya, watu wa Cheyo walinisifu bure.
Walisema uzeeni nimekuwa mtu wa watu,
sipiti nyumba bila kusimama,
nauliza ya mbuzi, ya mahindi, ya mjukuu aliyeota jino,
na nasubiri jibu hadi mwisho.
Hawakujua ni shavu la mguu.

Hatua mia na ishirini kutoka mlangoni pangu
linakaza, kama kamba ya robota ikivutwa na vijana wawili.
Nikisimama, linalegea.
Muda wa salamu moja ya Kinyamwezi,
halafu natembea tena, mzima, kama niliyesingizia.
Hatua mia na ishirini. Tena.

Nilidhani ni uzee. Uzee ni kapu, kila kitu hutupiwa humo.
Nyamizi alisema ni baridi ya Juni,
akanisogezea jiko la mkaa.
Mguu wa kushoto ulipata joto.
Wa kulia ulibaki wa mtu mwingine.

Siku iliyonitoa siri nilisimama kwa Igunda.
"Mwangaluka!" nikasema. "Hamjambo humu?"
Limi, mjukuu wangu, mkate kwapani, akanitazama:
"Babu, hawa walihama tangu Pasaka.
Unasalimia kufuli."

Kitete. Benchi la mbao, namba arobaini na tatu.
Tabibu ni binti wa juzi, anaitwa Kalunde.
Alisema, "Vua viatu. Vyote viwili."
Akaona mundi unavyong'aa,
vinyweleo vimehama bila kuaga.
Akaweka vidole viwili juu ya mguu, akafumba macho,
kama wewe ukitafuta stesheni kwenye ile redio yako ya mbao.
Kushoto, mapigo yapo.
Kulia alitafuta mpaka nikamwonea huruma.

Mpira wa presha mkononi: mia na hamsini.
Kifundoni, akisikiliza kwa kikalamu kinachovuma: tisini.
"Mzee, damu yako inafika chini
kama maji ya bomba Ng'ambo mwezi wa kumi.
Bomba lipo. Njia imekuwa nyembamba."
Akauliza sigara. Nikasema, kidogo.
Akaninusa vidole, akanyamaza.

Unajua kazi yetu. Miaka thelathini na moja ghalani
tukipanga tumbaku kwa madaraja, kwa jicho na kwa pua,
na jani lililoanguka tukalisokota wenyewe.
Leo na mimi nimepangwa.
Daraja la kwanza, mshipa umebanwa na mtu hajui.
La pili ndilo langu, maumivu ya kutembea.
La tatu, mguu huuma hata kitandani,
mtu huushusha usiku ili damu iteremke.
La nne ni kidonda kisichofunga, na kidole
cheusi kama jani lililosahauliwa kwenye bani.

Nina vidonge viwili, cha kuzuia damu isigande
na cha mafuta yaliyomo ndani yake.
Jiko nimekatazwa: mguu usiosikia huiva kimyakimya.
Sigara pia. Hii ni wiki ya sita,
jana nilinusa shati la zamani mpaka Nyamizi akalifua.
Na nimeamriwa kitu cha ajabu, tembea.
Tembea hadi iume, simama, tembea tena, nusu saa.
Juzi nilifika mia na sabini kabla kamba haijakaza.

Lakini siandiki kwa ajili yangu.
Nilipolala kwako kwenye msiba wa Shija
niliuona mguu wako ukining'inia nje ya kitanda
usiku kucha. Nilidhani ni joto.
Na kile kidonda cha kidole gumba, ulichosema ni kiatu:
kiatu gani, Kapaya, cha tangu kupanda mpaka kuvuna?

Jumatatu nakuja kukuchukua.
Kwangu hadi kwako ni hatua mia saba.
Ukiniona kwenye kona ya mashine ya kusaga
nimeegemea ukuta, simsalimii mtu,
usicheke. Vaa viatu. Hapana,
vaa ndala. Atataka uzivue.