Mitungi

Siku za kawaida sipashwi misuli na mtu.
Kumi na moja alfajiri, kabla Nyalenda haijakohoa,
nachota maji kwa Mama Abich,
mtungi huku, mtungi huku, safari tatu,
ndipo nakimbilia bwawani, natumbukia,
naye kocha Ogwel husema:
mabega yako yameamka mapema.

Leo mashindano. Mama kaninyang'anya mitungi:
"Mikono ya mbio haichoti maji."
Kaibeba mwenyewe, na mgongo wake ule.

Bwawani tunapasha kwa zamu,
vichwa kumi na vinane njia moja,
kisigino cha mtoto wa Nakuru puani mwangu.
Mita mia nne, polepole. Kisha kungoja.
Saa nzima. Saa ya pili.
Mwenye orodha kaipoteza orodha.
Joto lote limenihama, limebaki kwenye taulo.

Nyuma ya vyoo Rapemo anadeki.
"Niazime ndoo. Na ile nyingine."
Ananitazama kama mwizi.
Naenda, narudi, naenda,
maji yakinirukia magotini.

Jina langu linaitwa.
Nanuka dawa ya sakafu,
mabega yangu macho.
Mama, nisamehe: nimechota.