Akiba Inayooza

Bwana Lindqvist, nimekuachia daftari mezani,
lile la jalada la kijani, usitafute kwenye kompyuta.
Ni saa kumi na mbili asubuhi, Duluth bado giza,
magari ya kukwangua theluji yanapita barabarani
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa saa nane mchana.
Soma kwanza, simu baadaye.

Dari ya mishahara si dari ya nyumba.
Ya nyumba ukiigonga utavimba kichwa;
hii unaipenya kwa kichwa, unavimba mfukoni.
Juu yake kuna kodi. Juu ya kodi kuna mstari
ambao ukiuvuka unafungwa mikono:
huwezi kuunganisha mishahara miwili upate mchezaji mmoja,
huwezi kupokea hata dola moja zidi ya uliyotoa.
Tuko chini ya mstari huo kwa dola laki tatu na elfu kumi.
Nimehesabu mara nne. Ya nne kwa penseli.

Ukurasa wa saba: ile ruhusa ya milioni tisa na nusu.
Tuliipata kiangazi, Desrosiers alipokwenda Tulsa
nasi tukapokea hewa.
Hewa yenye tarehe.
Wahenga walisema akiba haiozi.
Hii inaoza. Inaoza Julai kumi na moja, saa sita usiku,
nami najua Juni utaamka unasikia harufu yake
na kutaka kumchukua yeyote mwenye viatu.
Jizuie. Kuwa na sahani si kuwa na njaa.
Na usijaribu kuijumlisha na mshahara wa mtu,
ligi haikubali, ni mafuta na maji;
inameza mchezaji mmoja anayeienea, basi.
Aliyekalia kiti chako kabla yako aliijaza moja kama hii
kwa mtu wa milioni tisa, goti bovu, mkataba wa miaka mitatu,
"isipotee bure," alisema.
Haikupotea.
Tuliitazama misimu mitatu, imekaa benchi
na barafu imefungwa gotini.

Ukurasa wa kumi na mbili ni Marquel Tibbets.
Milioni kumi na mbili na laki nne, mkataba unakwisha Juni.
Spokane watapiga simu, na hawatauliza anarukaje.
Wanachotaka ni Juni yake:
siku jina lake litakapowatoka vitabuni
wapate pumzi ya kununua kijana mwingine.
Wakikupa yule mlinzi wa milioni nane, usishangilie.
Dai na chaguo la raundi ya pili, la kwao, lisilo na masharti.
Tofauti ni milioni nne na laki nne,
itazaa ruhusa mpya, ya mwaka mmoja.
Tarehe yake iandike kwa wino.

Hesabu imekaa sawa. Nimeipitia usiku kucha, imekaa sawa.

Ila Novemba alishuka hapa chini, akainama mlangoni,
mkononi hati ya malipo imekunjwa mara nane,
akaniuliza kwa nini California inamkata kodi
kwa usiku mmoja tu wa kucheza Fresno.
Nikamweleza. Akaandika jibu kiganjani kwa kalamu yangu.
Hakuna aliyewahi kushuka hapa kuuliza kitu.
Jumatatu iliyofuata aliniletea mkate wa ndizi
aliouoka bintiye, umeungua upande mmoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na mtu aliye ndani ya daftari?
Naye hupotea,
tofauti ni kwamba habari zake zimeandikwa vizuri.

Kwa hiyo ukimuuza, na nadhani utamuuza,
na mimi mwenyewe nimekuonyesha njia,
mpigie wewe. Kwa sauti yako.
Kabla ya waandishi wa habari, kabla ya simu yake
kuanza kutetemeka kwenye kabati la chumba cha kuvalia.
Namba iko pembeni ya ukurasa, kwa penseli.

Kahawa iko kwenye chupa.
Sukari iliisha juzi.

Greta Pohlhaus,
chumba cha chini, karibu na mashine ya joto