Pafu la Baavgai

Nilimpima uzito kwanza: kilo thelathini na moja,
kapungua tano tangu nyasi zilipokauka.
Jina lake Baavgai, yaani dubu.
Dulamsuren alimleta juu ya kigari cha theluji cha mwanawe,
kamfunika koti lililobakiwa na kifungo kimoja,
akasema, "Mpasue. Nataka kujua nani kamuua."

Pafu la mbwa wa nyikani nimewahi kulishika,
mbwa wa mfugaji, aliyekanyagwa na farasi:
rangi ya waridi, jepesi, ukilibonyeza linarudi lenyewe
kama mkate uliotoka jikoni.
La Baavgai lilibaki na alama ya kidole changu.
Weusi wa madoa, huku yametengana, huku yameungana,
kama mtu kafuta sufuria kwa kitambaa
kisha kitambaa akakishonea kifuani.

Miaka saba. Hakuvuta sigara hata moja.
Hakuchagua kilima kile cha mahema ya sufi
ambako kila hema lina bomba, na kila bomba lina deni,
na usiku, baridi ikishuka hadi mate yakagande,
mtu huchoma alichonacho: makaa ya mawe,
na makaa yakiisha, tairi, kiatu,
fremu ya dirisha na rangi yake.
Husemwa pafukapo moshi pana moto.
Mimi nasema pafukapo moshi pana mtoto
kalazwa karibu na jiko, ili kesho aamke.

Mbwa alilala nje. Ndiyo kazi yake.
Moshi nao, ukikandamizwa na baridi, hauendi mbinguni;
hutambaa, hushuka bondeni, hutulia kimo cha goti,
na kimo cha goti ndipo ilipo pua ya mbwa.
Alinusa wezi. Alinusa mbwamwitu wa mbali,
na nyama ya jirani kabla jirani hajafungua mlango.
Pua ile haikuwa na komeo.

Kwenye darubini nilimwonyesha Dulamsuren
walinzi wadogo wa mwili, mviringo, waaminifu,
kila mmoja kabugia masizi mpaka akashiba
akafia lindoni.
"Kama mwenyewe," akasema.
Halafu akanyamaza, na swali likamjia usoni
kabla halijafika mdomoni.
Tuvshin, mwanawe, naye ana miaka saba.
Tangu theluji ya kwanza kalazwa hospitali mara mbili.

Nilishika kalamu. Fomu ina nafasi ya sababu ya kifo,
mstari mmoja, mfupi kama ukucha.
Niliandika nimonia.
Ni kweli. Si kweli yote.

Kwetu mbwa akifa hukatwa mkia, ukawekwa chini ya kichwa,
akatiwa kipande cha mafuta kinywani,
akalazwa mahali pa juu, watu wasimruke,
apate kurudi akiwa binadamu.
Dulamsuren alitoa mafuta mfukoni, kayafunga kwa gazeti.
Alitoa kisu. Alikaa nacho.
Dirishani ilikuwa saa tisa ya mchana
na magari yote yalikuwa yamewasha taa.

"Daktari," akauliza, "mkia nikiukata,
atazaliwa wapi?"