Kitovu cha Jumanne

Tartu, saa tisa usiku, theluji imeziba dirisha.
Leelo anapokea chupa kutoka wodi ya wazazi:
kitovu, kingali na uvuguvugu.
Hakitazikwa popote.

Anausuuza mshipa, anazibandua seli,
anazilaza kisahanini.
Siku nne azilisha, azipasha joto.
Kipimo: sufuri.

Maji yaliyotuama hayana la kuuambia mshipa.

Anawasha pampu.
Mchuzi wa rangi ya waridi unazipapasa seli, mbio mbio,
na mstari kwenye skrini unainuka:
oksidi ya nitriki,
uhai wake sekunde chache,
zatosha kuunong'oneza msuli: legea,
damu ipite.

Mwenye kitovu yuko ng'ambo ya mto, analia,
hajapewa jina.
Kwenye kifuniko Leelo ameandika: Jumanne.