Jesen

Kwetu Bohinj neno ni moja:
jesen ni majira ya majani kupukutika,
na jesen ni mti mweupe, mgumu, usio na haraka,
ninaouchana vipande virefu kuwa moyo wa ski.
Kwa hiyo nikipiga simu kwenye kiwanda cha mbao
kuuliza, "Jesen ipo?"
Tončka hucheka kwa pua:
"Chungulia dirishani."

Natengeneza jozi arobaini kwa mwaka
katika chumba alimokuwa baba akigandishia jibini.
Arobaini si kitu. Mwenye kingo za chuma
huuza mita elfu mbili, au hauzi.
Nilimwandikia barua tatu za adabu.
Ya tatu aliijibu: "Bibi, kwa mita mia tatu
nenda duka la misumari."

Basi nikajifunza kutafuta kama watafutavyo uyoga huku,
kimya kimya, mgongo umeinama,
jirani asijue umepita wapi.

Gundi niliipata kwa Škerjanec wa Kranj,
mwenye sauti laini ya wakala wa bima.
"Alhamisi," alisema. Ahadi ni deni,
na mpaka leo namdai Alhamisi kumi na moja.
Pipa lilipofika, tarehe ilikuwa imefutwa kwa kidole gumba,
kigandishi kimefanya chengachenga kama asali ya mwaka juzi.
Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma: nilijua.
Nikaipasha, nikaikoroga, nikaimwaga
juu ya nyuzi za kioo, nikakaza jeki,
kwa kuwa theluji haingoji mzigo wa mtu.

Februari, Vincenc wa kikosi cha uokoaji
alikuja akichechemea, ski moja begani nzima,
nyingine imeachama kama kiatu cha mtoto wa shule,
tabaka huku, tabaka kule.
Hakunigombeza. Aliiweka mezani,
akaomba chai, akainywa yote.
Heri angenigombeza.

Tangu hapo kila kinachoingia mlangoni nakigonga,
nakinusa, nakipima kwa mizani ya unga.
Plastiki ya nyayo, hata ikitoka Uswisi na muhuri wake,
huilaza nje usiku mmoja
iionje baridi yetu kabla sijaiamini.
Za chuma, tumechanga watu watano,
mimi, Matevž wa ng'ambo ya mlima, na wale ndugu watatu wa Tolmin
ambao kati yao hawasemezani.
Mzingo wote wa chuma unalala
chini ya kitanda cha mama mkwe wa Matevž,
naye hutoza kodi: kilo ya kahawa kwa mwezi,
na si kahawa yoyote.

Oktoba hii nikaenda kwa Tončka na tela,
pesa taslimu kifuani, oda kumi na tisa mfukoni.
Mbao zilikuwa zimepangwa, nyuzi zake zimenyooka
kama nywele zilizochanwa asubuhi ya ibada.
Akachomeka kipimo chake chenye meno mawili.
"Kumi na nne."
Nataka nane.
"Nitazikausha juu ya jiko," nikasema.
"Kausha zako. Hizi haziendi."
Nikaongeza bei. Nikaongeza tena.
Akazima taa ya banda, tukabaki gizani
mimi na yeye na harufu ya maji ndani ya mti.
"Rudi baada ya Krismasi."

Nilirudi na tela tupu likigongagonga mawe,
nikimlaani kwa kila kona mpaka ziwani.
Hapo nikasimama. Nikatoa daftari la wauzaji,
kurasa nne za majina, mengi yamekatwa mstari,
yote yameandikwa kwa penseli.
La kwake nikaliandika kwa wino.

Kisha nikawapigia wateja, mmoja mmoja,
kumi na tisa: jesen bado haijakauka.
Wawili walidai arubuni yao.
Vincenc alinyamaza. Nikamsikia akipuliza kitu cha moto,
akipiga funda.
"Haya," akasema. "Nipo."