Mkwaruzo wa Kumi na Tatu

Bwana Bounmy alichora pikipiki kwenye karatasi,
akatia alama kila penye jeraha:
kumi na mbili. Saini hapa.
Pasipoti yangu akaifungia kwenye kopo la biskuti.

Siku ya tatu, milimani juu ya Nong Khiaw,
kona ikanikataa. Changarawe,
kisha anga, kisha goti langu.
Mkono wa klachi ulipinda kama kidole cha kikongwe.

Mama mmoja alitua kapu la machipukizi ya mianzi,
akaunyoosha kwa jiwe, polepole,
kama anayemvisha mtoto shati.
Nikatoa noti. Akacheka, akanionyesha barabara.
Lugha yake sikuijua; kicheko nilikijua.

Nilirudi kwa gia ya pili,
nikikariri uongo mdogo wa kumwambia Bounmy.
Akachuchumaa na karatasi yake, akahesabu kwa kalamu,
akafika kumi na mbili,
akanyamaza.
Kidole chake kikasimama juu ya ule mpya.

"Huu," akasema, "ni wangu. Nilisahau kuuchora."

Akafungua kopo.
Pasipoti ikanukia siagi
mpaka uwanja wa ndege.